Kwa Mstaafu Mpya: Tafuta Mahali Unaposubiriwa

Miezi mitatu ya mwanzo itakudanganya. Utalala mpaka jua lipande, utawatembelea ndugu ambao kwa miaka mlikuwa mkisalimiana kwa simu tu, utapaka nyumba rangi, utakwenda harusi na misiba bila kumwomba mtu ruhusa. Utasema kumbe kustaafu ni raha. Kisha itafika Jumatatu moja, nyumba imeshapakwa rangi, ndugu wameshatembelewa, watoto wako makazini kwao, na saa nne asubuhi umekaa kibarazani unawatazama wapita njia. Kustaafu kwenyewe kunaanzia hapo, na siku hiyo ndiyo ninayokuandikia.

Nimekuwa muuguzi mkoani Tanga tangu usichana wangu hadi nilipofikia umri wa lazima, miaka 60. Wastaafu niliwafahamu kwanza kliniki, kwenye foleni ya presha na sukari, kabla sijawa mmoja wao huku mtaani Ngamiani. Wale waliodhoofika haraka niliwakuta na hali moja iliyofanana, na haikuwa umaskini: hapakuwa na mtu aliyewasubiri popote. Kazini, saa moja na nusu ikipita hujaonekana, kuna atakayeuliza. Sisi wauguzi ndio kabisa, maana mwenzako wa zamu ya usiku hawezi kuondoka mpaka ufike umpokee ripoti. Ukistaafu unaweza kushinda ndani kutwa, na kesho yake tena, na hakuna atakayejua.

Kwa hiyo unapotafuta la kufanya, swali la "napenda nini" liache lije la pili. La kwanza liwe hili: nisipofika, nani ataniulizia? Kusikiliza redio ni kuzuri, na kumwagilia maua ni kuzuri, lakini redio haitamtuma mtu aje kukugongea mlango.

Nianze na bao, kwa sababu wanaume wengi wa huku Pwani ndiko wanakokimbilia, na wake zao wengi wanalidharau. Wanasema ni kupoteza muda. Mimi nimekaa pembeni ya ubao mara nyingi, mume wangu akicheza, na nimebadilisha mawazo kabisa. Ubao una mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, ambazo kwetu bado watu wanapenda ziwe komwe, zile mbegu ngumu za rangi ya kijivu zinazoteleza vidoleni. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni: sita kwenye nyumba, yaani shimo lake kuu, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Kete 22 zinabaki mkononi, naye anazinamua, yaani anaziingiza ubaoni, moja moja. Kila kete inayoingia, mzee anapaswa kuona kabla hajaigusa itakula wapi, atasambaza kutoka kichwa kipi, yaani shimo la mwisho la upande upi, mkono wake utalala, yaani utaishia, shimo gani, na mwenzake atajibu nini. Na wanacheza kwa kasi! Zaidi ya hapo, ubao hauendi bila watu wawili, na pembeni wapo wengine wanaosubiri zamu, wanaobishana na kukosoana. Mzee asipotokea alasiri moja, swali la kwanza barazani ni "leo yuko wapi?"

Sisemi kwamba bao linazuia ugonjwa wa kusahau. Nasema mtu anayeoga, anayevaa kanzu safi na kutembea mitaa mitatu kwenda kubishana na wenzake kila baada ya swala ya alasiri ana sababu ya kuamka. Dada yangu, ukimwona mume wako mstaafu anachukua kofia kwenda kwenye bao, usimnunie. Mpe chai aende.

Mimi mwenyewe shughuli yangu ni ukili, ule mkanda wa ukindu unaosukwa na kushonwa kuwa mkeka. Bibi yangu alikuwa akisuka, mama akaacha, nami nilipokuwa kazini sikuwa hata na wazo. Sasa tuko kikundi cha akina mama, wengi wastaafu, na tunakutana siku maalumu baada ya adhuhuri. Ukindu unakaushwa, unachanwa nyuzi zenye upana sawa, nyingine zinachemshwa na rangi. Halafu ndipo unasuka. Ugumu wake uko kwenye kuongeza: uzi mmoja ukikaribia kuisha, mpya unachomekwa chini yake mapema, la sivyo ukili unapata pengo na mkeka utachanikia hapohapo. Vidole vinavyotetemeka vinajifunza upya. Ukili ukirefuka unauzungusha duara kama tairi, unaendelea, mpaka utoshe kushonwa ubavu kwa ubavu. Mkeka mmoja wa maana unachukua wiki nyingi, na sisi hatuna haraka nao.

Jambo ambalo sikulitarajia ni mazungumzo. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, watu husema mambo ambayo hawasemi wakitazamana. Nilikaa miaka wodini nikiwauliza wagonjwa maswali na kuandika majibu yao, na nakwambia kwa dhati, nimesikia habari za kweli zaidi kuhusu miguu inayowaka moto, usingizi uliokata na watoto wasiopiga simu nikiwa juu ya mkeka kuliko nikiwa na faili mkononi.

Kama mambo ya mikono hayakuvutii, yako mengine, na sina haja ya kuyaeleza yote. Kuna kwaya na jumuiya ndogo ndogo kwa Wakristo, kuna darsa za msikitini, kuna kikundi cha mazishi cha mtaa ambacho siku zote kinahitaji mtu mwaminifu wa kushika daftari. Walimu wastaafu wana bahati kubwa, maana kila mtaa una watoto wa darasa la tatu wanaosoma kwa kusitasita. Meza moja, benchi moja na saa moja jioni vinatosha. Maktaba ya mkoa pia ipo, na asubuhi unakuta wazee wachache wanasoma magazeti. Ninapenda kuwaona pale, ila ningependa zaidi wakimaliza kusoma wakae wajadiliane walichosoma.

Sasa nizungumze na wanawake, kwa sababu sisi tunastaafu kwa namna tofauti. Mwanamume akistaafu, nyumba nzima inajiuliza baba atafanya nini. Mwanamke akistaafu hakuna anayejiuliza, jibu limeshapatikana: atalea wajukuu, atapika, atauguza. Wiki ya kwanza tu binti anakuletea mtoto "kwa sababu mama sasa uko nyumbani". Nawapenda wajukuu zangu, na kuwalea ni heshima. Lakini kulea mtoto wa miaka miwili kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka jioni, siku sita kwa wiki, ni kazi nzito kuliko zamu ya wodi, na goti la miaka sitini linajua hivyo. Kaa na watoto wako mapema. Waambie siku mbili kwa wiki, au tatu, ni zako, na uwatajie ni zipi na unakwenda wapi. Nimegundua kwamba "ninahitaji kupumzika" haisikilizwi, ila "Jumanne na Alhamisi nina kikundi" inasikilizwa. Wasichana wetu ni watu wazima, watapanga.

La fedha sitalipita kimya, maana ndilo linaloharibu shughuli nyingi nzuri. Kikokotoo, yaani hesabu ya mafao ya pensheni, kilipobadilishwa mwaka 2024, mkupuo, ile sehemu ya mafao unayolipwa kwa pamoja ukistaafu, ukapanda kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakilipwa nusu, na waliobaki wakafika asilimia 35. Ni ahueni, lakini fedha hizo zikishaingia benki kila mtu anayekufahamu anakuwa na wazo la biashara. Mtu aliyekuwa anafuga kuku kumi na watano kwa furaha anashauriwa afuge elfu moja. Kuku kumi na watano wa kienyeji ni shughuli. Unawatoa asubuhi, unaokota mayai, unawapa chanjo ya ugonjwa wa kideri, tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Kuku elfu moja ni ajira mpya isiyo na likizo wala mshahara wa uhakika, na banda moja likiingia ugonjwa, jasho la miaka thelathini linafukiwa shimoni. Kama unataka biashara, fanya biashara, uijue na uiwekee hesabu zake. Lakini kitu unachokifanya ili siku ziwe na ladha kisiguse mkupuo. Kitumie fedha kidogo ya pensheni ya mwezi, kiasi ambacho hata kikipotea chote utalala usingizi.

Na jihadhari na simu. Wapo matapeli wanaowapigia wastaafu wapya wakijifanya maofisa wa mfuko wa pensheni, wanataja jina lako kamili na kituo chako cha kazi, kisha wanaomba utume fedha ili mafao yaharakishwe. Kata simu. Uende ofisini mwenyewe, na uende na mwanao mmoja. Jifunze pia kuitumia simu yako vizuri, maana uhakiki wa wastaafu sasa unafanyika hata kwa simu, na si vizuri kila kitu akufanyie mjukuu.

Kuhusu mwili, nitasema kama sista, jina tulilokuwa tukiitwa wodini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kumtoa jasho kidogo kila wiki. Gawanya utaona ni dakika thelathini kwa siku tano, basi. Kwa waliofikisha miaka 65 wanaongeza mazoezi ya kuimarisha mizani ya mwili, siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa sababu kuanguka ndiko kunakotuvunja nyonga. Simama karibu na ukuta, inua mguu mmoja, hesabu mpaka kumi, badilisha. Tanga yetu ni tambarare na watu wake ni wa baiskeli tangu zamani, kwa hiyo kama ulikuwa ukiendesha usiiuze. Anayeweza kutembea atembee asubuhi kuelekea Raskazone kabla jua halijawa kali, tena asiende peke yake. Ukitembea peke yako, siku mvua ikinyesha utabaki kitandani, na siku inayofuata pia. Mkitembea watatu, mwenzako atakuwa ameshasimama mlangoni anapiga hodi. Anayetumia dawa za presha au sukari aongee na kliniki yake kabla hajaanza, na asiache dawa eti kwa sababu sasa anafanya mazoezi. Hilo nimeliona mara nyingi mno na linaniuma.

Wako wengine ambao ushauri wote huu unawapita juu kwa juu, nao ni waliostaafu na kufiwa na mwenza karibu wakati mmoja. Wajane wa kike mara nyingi huzungukwa na wanawake wenzao. Wagane ndio ninaowahofia. Mwanamume ambaye maisha yake yote mazungumzo yake yalikuwa kazini na kwa mkewe, akipoteza vyote viwili hajui hata aanze kumwambia nani kwamba hakula jana. Mtu wa namna hiyo usimshauri "atafute shughuli". Mpitie uende naye. Mkalishe pembeni ya bao, hata asicheze. Mwachie ufunguo wa chumba cha vyombo vya kikundi ili watu walazimike kumfuata. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa fundi reli, aliletwa kwetu na jirani yake atengeneze mguu wa benchi. Benchi lilipona siku ileile, naye akawa anarudi kila wiki kukagua. Siku hizi anatuchania ukindu kwa kisu chake mwenyewe, nyuzi zote upana mmoja, na hakuna mwanamke kati yetu anayemfikia.

Kwa wewe ambaye bado uko kazini, una mwaka mmoja au miwili mbele yako, au unafikiria kuondoka kwa hiari ukifika 55: anza sasa, jioni na Jumamosi. Kikundi kinakupokea kwa urahisi ukija kama mtu mwenye mambo yake anayetaka kujifunza. Ukija baada ya miezi ya upweke, unakuja na kiu kubwa, unakasirika haraka, unataka kuongoza. Wakubwa wa zamani wana tatizo hili zaidi. Kama ulikuwa mkuu wa idara, kubali kwamba kwenye ukili wewe ni mwanafunzi wa mama mwenye genge la nyanya, na mwite "mwalimu" kama wengine tunavyomwita.

Na siku ya kwanza ukiingia kikundi chochote kile, toa namba yako ya simu pamoja na ya mwanao mmoja au jirani, ziandikwe kwenye daftari, nawe uchukue za wenzako. Kwetu mtu akikosa mara moja anapigiwa simu jioni ileile. Asipopokea, wawili wanakwenda kwake kabla ya magharibi.