Kwa mnaoanza kutembeza wageni Drottningholm

Kila kiangazi kikikaribia napigiwa simu na vijana wenzetu wa hapa Stockholm. Wamepata kibarua cha kutembeza wageni wanaozungumza Kiswahili, wengi wakiwa wazazi na jamaa waliokuja kusalimia, na wamekwisha kukariri tarehe zote za Kasri la Drottningholm. Tarehe si mbaya. Ila mgeni ukianza kumsomea wafalme akina Karl na Gustav, ukifika wa tatu utamkuta anapiga picha za bata.

Mkiweza, wapelekeni kwa meli. Inaondokea karibu na Stadshuset, ukumbi wa jiji, katikati ya Stockholm, na huchukua kama saa moja juu ya Ziwa Mälaren hadi kisiwa cha Lovön. Treni hadi Brommaplan kisha basi ni nafuu zaidi, na hiyo ndiyo mtakayoitumia siku nyingi. Lakini kasri hili lilijengwa litazamwe kutoka majini, na anayelijia kwa barabara hulikuta ubavuni.

Mkishashuka, msikimbilie mlangoni. Pitilizeni hadi nyuma, upande wa magharibi, mkasimame juu ya ngazi za bustani. Mwonyeshe mgeni mstari mmoja ulionyooka: unatoka ziwani, unapenya katikati ya nyumba, unapita kati ya vitalu vya vichaka vilivyokatwa kama darizi, unafika kwenye chemchemi ya Hercules na kuendelea mbali, huku na huku safu za miti ya lindeni. Mtu akiuona mstari huo ameshaielewa baroko, ule mtindo wa fahari wa majengo na bustani za Ulaya wa zama hizo, hata kama neno lenyewe hujalitamka. Kila kitu kimetiishwa, mpaka miti.

Hapo ndipo mahali pa kumtaja Malkia Hedvig Eleonora. Mumewe, Mfalme Karl X Gustav, alifariki mwaka 1660 na kumwachia mtoto mdogo. Mwaka 1661 malkia huyo alinunua kasri lililokuwa hapa, na tarehe 30 Desemba ya mwaka huohuo likaungua. Akamwita msanifu majengo Nicodemus Tessin, ujenzi ukaanza 1662. Tessin mzee alipofariki 1681, mwanawe mwenye jina lilelile akamalizia na kuichora bustani. Wageni wetu humwelewa bibi huyu upesi kuliko wafalme wote: mjane kijana anayejenga nyumba kubwa ili watu wajue ukoo bado upo.

Kisha mtaulizwa habari za sanamu za shaba za bustanini, na hapa nawaomba msimung'unye maneno. Nimesikia waongozaji wakisema zililetwa kutoka Prague, kana kwamba ziliagizwa kwa barua. Ni ngawira. Ni kazi za mchongaji Adriaen de Vries. Jeshi la Sweden lilizichukua Prague mwaka 1648, na nyingine Frederiksborg, Denmark, mwaka 1659. Tena semeni wazi kwamba zilizosimama bustanini leo ni nakala. Zenyewe zimehifadhiwa jirani, kwenye jumba la makumbusho lililofunguliwa 2001. Mgeni atakayeuliza kwa nini hazijarudishwa, mwacheni aulize. Mazungumzo hayo huwa matamu kuliko maelezo yenu yote.

Ndani ya kasri, ngazi kuu inatosha kwa robo saa. Mwambieni mtu atafute mahali ukuta unapoishia na mchoro unapoanzia. Johan Sylvius alichora ukutani kumbi ambazo hazipo.

Muda wenu mwingi uwekeni kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza wa 1766. Ulizeni ratiba mapema, maana huingii tu unavyotaka. Malkia Lovisa Ulrika aliujenga, mwanawe Gustav III akaupenda kupita kiasi, na alipouawa mwaka 1792 ukaanza kusahauliwa. Mwaka 1921 mtafiti Agne Beijer aliukuta na mitambo yake ya mbao ikiwa mahali pake. Mitambo hiyo bado inafanya kazi. Chini ya jukwaa watu wanasukuma gurudumu kubwa, kamba zinavuta, na mandhari yote ya msitu inateleza kando huku ya mjini ikiingia, mbele ya macho yako. Radi ni sanduku la mbao lenye mawe, linainamishwa huku na huku. Bahari ni magogo yaliyochongwa kwa kupindapinda, yakizungushwa yanapanda na kushuka. Na marumaru unayoiona ukumbini ni rangi juu ya mbao. Wazee waliowahi kuwa mafundi seremala hawatoki humo kwa hiari, kwa hiyo pangeni kabisa.

Jumba la Kichina, lililomo bustanini, ni mwendo kidogo, msimburuze bibi mwenye magoti mabovu. Kwa wanaoweza, waonyesheni kijumba cha karibu yake chenye meza iliyokuwa ikipandishwa kutoka chini ikiwa imeshaandaliwa, ili wakubwa wapate kula bila watumishi kusikiliza mazungumzo.

Mwishowe lipo swali lisilokosekana: mfalme yumo? Familia ya kifalme inaishi upande wa kusini tangu 1981, ndiyo sababu ya walinzi na sehemu zisizoingilika. Msiahidi kwamba ataonekana. Bustani ni bure mwaka mzima, ndani mnalipa, na upepo wa ziwani hauna adabu hata mwezi Juni, kwa hiyo waambieni wabebe sweta tangu jana yake.