Nywila zote kwenye programu moja: je, si kujiweka hatarini?

SWALI: Mimi ni mhasibu wa SACCOS hapa Dodoma. Nina akaunti zaidi ya ishirini za kazini na za binafsi: barua pepe, benki, mfumo wa kodi, maombi ya ajira na mitandao ya kijamii. Zote nazifungua kwa nywila mbili tu, ambazo huwa nazibadilisha tarakimu za mwisho. Nilitaka kuanza kutumia programu ya kutunza nywila, lakini fundi simu mmoja wa Majengo amenionya kwamba kuziweka zote pamoja ni sawa na kumkabidhi mwizi funguo zote za nyumba. Hapohapo akaongeza kwamba nikitaka sana, yeye ataniwekea toleo la kulipia bila malipo. Nifanye nini? (Msomaji, Nkuhungu)

JIBU: Ndugu msomaji, onyo hilo la fundi wako nalisikia kila mara, na kwa kawaida hutolewa na watu ambao hawajawahi kujiuliza nywila zao ziko wapi hivi sasa. Zako tayari ziko mahali pamoja. Mtu akifanikiwa kuingia kwenye barua pepe yako usiku wa leo, atakwenda kwenye akaunti zako moja baada ya nyingine, atabonyeza pale palipoandikwa kwamba umesahau nywila, na nyingi kati ya hizo zitamtumia yeye kiungo cha kuweka nywila mpya. Hatari unayoogopa kuiingia umekuwa ukiishi nayo kwa miaka, tena bila ulinzi wowote.

Kubadilisha tarakimu za mwisho hakukusaidii. Wezi wa mtandaoni hawakai wakibahatisha nywila ya mtu mmoja mmoja. Huchukua orodha zilizoibwa kwenye tovuti moja na kuzijaribu kwa mashine kwenye tovuti nyingine, pamoja na mabadiliko yaleyale ambayo kila mtu hudhani ni siri yake: herufi kubwa mwanzoni, mwaka mwishoni, alama ya @ mahali pa herufi a. Mwaka 2012 kampuni ya Dropbox iliingiliwa kwa sababu mfanyakazi wake alitumia kazini nywila aliyokuwa akiitumia kwenye tovuti nyingine iliyokwisha kuibiwa, na mwaka 2016 ikajulikana kwamba taarifa za akaunti zipatazo milioni 68 zilikuwa zimechukuliwa. Ikiwa hayo yaliwapata watu wanaoishi kwa kutengeneza programu, sioni ni kwa nini mhasibu ategemee tarakimu mbili za mwisho.

Programu nzuri ya kutunza nywila huisimba hazina yako, yaani huzigeuza nywila zote ulizohifadhi kuwa mafumbo yasiyosomeka, ndani ya kifaa chako kabla haijatumwa popote, na ufunguo wake hutokana na nywila kuu, ile moja ya kuifungulia programu, ambayo kampuni yenyewe haiijui. Ni kweli kwamba mwaka 2022 wadukuzi walinakili hazina za wateja wa LastPass, mojawapo ya programu hizo, na sipendi wanaolificha jambo hilo. Hata hivyo, nywila zilizoibwa zilikuwa zimesimbwa, ingawa anwani za tovuti hazikusimbwa, na waliobaki katika hatari kubwa zaidi ni wale waliokuwa na nywila kuu dhaifu. Kwa hiyo nguvu zako zielekeze hapo. Chukua maneno matano au sita yasiyohusiana, uyapate kwa kufunua kamusi bila kuchagua, wala usibadilishe neno kwa sababu hulipendi. Maneno matano yaliyookotwa hivyo kutoka kwenye orodha ya maneno 7,776 huweza kupangika kwa namna zaidi ya bilioni 28 zikizidishwa mara bilioni moja. Methali, aya ya kitabu kitakatifu au ubeti wa wimbo havifai, kwa maana wadukuzi nao wana orodha zake. Maneno yako yaandike kwenye karatasi na uifungie pamoja na vyeti vyako, kwa sababu ukiyasahau, hakuna ofisi ya kupigia simu itakayokurudishia hazina yako.

Kuhusu uchaguzi, sitakuchosha. Bitwarden ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, na toleo lake la bure halina kikomo cha idadi ya nywila wala vifaa. Kama hutaki hazina yako ikae kwenye mtandao, tumia KeePassXC kwenye kompyuta na KeePassDX kwenye simu ya Android. Zote zinasoma faili lilelile, ila nakala rudufu itakuwa jukumu lako. Anza na barua pepe: ipe nywila mpya iliyotungwa na programu, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani mbali na nywila uombwe uthibitisho mwingine. Akaunti za SACCOS ziwe na hazina yake, ili utakapohama zikabidhiwe bila kugusa zako.

Kuna faida moja ambayo wengi hawaijui. Ukifungua ukurasa bandia wa maombi ya ajira, wenye nembo ileile na rangi zilezile, lakini anwani yake imeongezewa kistari kimoja, jicho lako linaweza kupita bila kukiona. Programu haiangalii nembo, inalinganisha anwani, kwa hiyo haitakuletea nywila ya kujaza. Ikinyamaza hivyo, usiinakili nywila kwa mkono. Funga ukurasa huo.

Sasa nije kwa fundi wako, ambaye ananitia hasira kuliko swali lenyewe. Anayekuogopesha kuhusu programu halali, kisha akakupa iliyochakachuliwa, hakufanyii wema. Programu iliyofunguliwa na mtu usiyemjua, ikaongezwa asichokuambia na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, ndiyo utakayoiandikia nywila kuu. Programu nilizokutajia ni za bure. Ipakue inayokufaa kutoka kwenye duka rasmi la simu yako au tovuti ya watengenezaji wake.

Tabia hii ni pana kuliko fundi mmoja. Kuna steshenari nyingi ambako mwombaji wa ajira au wa mkopo wa masomo hufunguliwa barua pepe na mhudumu, nywila ikatungwa na mhudumu, ikaandikwa kwenye daftari la kaunta lenye majina ya wateja wa mwaka mzima, na kila anayesubiri kutoa fotokopi anaweza kulisoma. Hakuna programu itakayomlinda mtu ambaye nywila yake imelala kwenye daftari hilo. Kama akaunti yako yoyote ilifunguliwa kwa njia hiyo, ingia kwenye mipangilio yake ukitumia simu yako mwenyewe, badilisha nywila, hakikisha namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti ni zako na si za mhudumu, kisha ondoa vifaa vyote usivyovitambua.