Re: Waranti ndefu au muuzaji mwenye spea?

Salaam mkuu. Kama nimekuelewa, umekwama kati ya mashine mbili za petroli za kukata nyasi: moja ina waranti ya miaka 5 ila muuzaji yuko mbali, nyingine miaka 2 na muuzaji ana karakana yake. Mimi ningechukua ya pili, ila kwanza mjaribu huyo muuzaji. Muulizie kabureta na mkanda wa mashine hiyohiyo. Akivitoa kwenye rafu hapohapo, sawa. Akianza na "tutakuagizia", basi hiyo karakana ni ya mdomoni tu.

Halafu soma waranti yenyewe, hasa sehemu ya yasiyohusika. Kisu, plagi na chujio la hewa kwa kawaida havimo. Kabureta ikiziba kwa sababu ya petroli iliyolala msimu mzima, hiyo nayo ni juu yako. Na kama unakatia watu nyasi kwa malipo, uliza mapema, maana ile miaka 5 mara nyingi ni ya matumizi ya nyumbani tu.

Ubora wenyewe angalia magurudumu: yatikise. Yakicheza ikiwa bado mpya, achana nayo. Gurudumu lenye beringi (vigololi vya chuma ndani) hudumu kuliko lenye bushi ya plastiki, yaani kibomba tu cha plastiki kinachozunguka kwenye ekseli.

Za betri sijawahi kumiliki, kwa hiyo hizo sizisemei.