Ukiacha soda ya daiti, usihamie kwenye juisi

Mwenye kisukari anayetaka kuachana na soda ya daiti ana sababu nzuri, lakini aanze na ukweli mmoja: soda hiyo haipandishi sukari ya damu kama soda ya kawaida. Chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300 ina sukari gramu 32 hivi, sawa na vijiko 8 vya chai. Ya daiti haina kitu, au ina kidogo mno. Kwa hiyo kinywaji utakachoweka mahali pake ndicho kitakachoamua kama umepiga hatua mbele au umerudi nyuma.

Mwaka 2023 uliwachanganya wengi. Mwezi Mei Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri watu wasitegemee viongeza utamu visivyo na sukari katika kudhibiti uzito, na stevia imo humohumo ingawa inatokana na mmea. Kilichopotea katika habari nyingi ni kwamba ushauri huo haukuwalenga watu ambao tayari wana kisukari. Mwezi Julai aspatemu, kiongeza utamu kinachotumika kwenye soda nyingi za daiti, ikawekwa kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, lakini kiwango kinachokubalika kwa siku kikabaki palepale, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 angelazimika kunywa makopo zaidi ya 9 kwa siku ili kukipita. Kopo moja kwenye harusi halitakuua.

Tatizo ni kunywa kila siku. Ulimi unaozoea utamu mkali huona maji hayana ladha na chai isiyo na sukari haipiti kooni. Asidi ya soda, hata isiyo na sukari, hula meno, na mwenye kisukari tayari ana kazi ya kulinda meno na fizi zake.

Kosa kubwa tunaloliona ni hili: mtu anaacha soda ya daiti kwa kuogopa kemikali, kisha anajaza jagi la juisi ya matunda kwa sababu ni "ya asili". Glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa iliyokamuliwa nyumbani, bila sukari ya kuongeza, ina sukari gramu 20 hadi 25. Embe moja kubwa likisagwa hufika gramu 30 au zaidi. Juisi ya miwa ni sukari na maji, na kukamua ndimu ndani yake hakupunguzi chochote. Asali nayo: kijiko kimoja cha chakula kina wanga gramu 17 hivi. Kati ya juisi hizi na soda ya daiti, kwa upande wa sukari ya damu, bora soda ya daiti.

Kabla hujachagua mbadala, jiulize unachokipenda kwenye soda yako. Kama ni mapovu, nunua maji ya soda yasiyo na ladha, weka ndimu nusu, majani matano ya mnanaa yaliyopondwa kidogo na barafu. Soma lebo vizuri, maana tonik hukaa rafu moja na maji ya soda, inafanana nayo, na ina sukari karibu sawa na soda ya kawaida. Kama ni ubaridi tu, jagi la maji yaliyochemshwa na kupoa, lenye vipande vya tango na tangawizi, linatosha. Liweke kwenye friji na ulimalize ndani ya siku moja, kwa sababu tango huchacha haraka.

Kama soda yako ni kola, huenda unachokifuata ni kafeini. Ukiikata ghafla, kichwa kinaweza kukuuma kwa siku kadhaa, nawe ukadhani sukari imeshuka. Pima kwanza kabla ya kukimbilia kitu kitamu. Dawa yake ni kikombe cha chai ya rangi au kahawa chungu asubuhi, na kupunguza kola taratibu, chupa moja kila baada ya siku tatu au nne. Kahawa chungu ya vikombe vidogo, kama inavyonywewa barazani Mombasa au Unguja, ni kinywaji safi kabisa kwa mwenye kisukari. Hesabu inaharibiwa na kashata na tende zinazoletwa nayo.

Kinachoshika nafasi ya soda vizuri kuliko vyote, kwa maoni yetu, ni choya, ambayo wengine huiita rozela. Ina rangi nzuri, ina ukali, inapendeza mbele ya wageni. Kwa lita moja ya maji chukua vijiko viwili vya chakula vya choya kavu, kijiti kimoja cha mdalasini, hiliki tatu zilizopondwa na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba. Chemsha viungo peke yake dakika 10 huku umefunika sufuria. Zima moto. Sasa usitie choya kwenye sufuria ya alumini: asidi yake hula alumini na kinywaji hupata ladha ya chuma. Mimina maji ya viungo kwenye chombo cha stili, kioo kinachostahimili moto au udongo, ndipo utie choya. Acha dakika 10, chuja, weka kwenye friji. Hukaa siku tatu.

Wengi hushindwa hapo kwenye muda. Wanachemsha choya nusu saa, inakuwa kali mno, kisha wanaituliza kwa nusu kikombe cha sukari. Ikikuzidi ukali, ongeza maji. Mdalasini na hiliki vina harufu ambayo ulimi huihusisha na utamu, ndiyo maana haviachwi, ila kijiti kimoja kinatosha; usile mdalasini wa unga kwa vijiko ukidhani ni dawa. Choya hushusha presha kidogo, hivyo anayetumia vidonge vya presha aanze na glasi moja kwa siku na aangalie kama anapata kizunguzungu. Mjamzito aiache. Na kwa kuwa ina asidi, inywe pamoja na chakula, usiwe unainywa kidogokidogo mchana kutwa, kisha sukutua kwa maji.

Mchaichai hauna masharti mengi hivyo. Mabua mawili yaliyopondwa, lita moja ya maji, dakika tano, moto au baridi.

Ukwaju huwadanganya watu kwa uchachu wake. Zaidi ya nusu ya uzito wa nyama yake ni wanga, sehemu kubwa sukari, kabla hujaweka kijiko chochote. Ukiutamani, tumia kijiko kimoja cha chai cha rojo kwa glasi nzima ya maji. Juisi ya ubuyu inayouzwa mitaani nayo huwa na sukari nyingi kuficha ukali. Nunua unga wa ubuyu, koroga kijiko kimoja cha chakula kwenye glasi ya maji au mtindi, unywe bila kuchuja ili upate nyuzinyuzi zake.

Madafu si maji. Dafu moja lenye mililita 300 lina sukari ya gramu 12 hivi, zaidi au pungufu kulingana na umri wake, pamoja na potasiamu nyingi. Mtu mwenye figo zilizodhoofika, hasa anayetumia dawa za presha kama losartani au enalapril, asinywe bila kumuuliza daktari wake. Kwa wengine, dafu moja lihesabiwe kama tunda la siku hiyo. Maziwa na mtindi usiotiwa sukari ni chakula vilevile: glasi moja ina gramu 12 hivi za wanga.

Kuzoeza ulimi kunahitaji subira. Anayeweka vijiko vinne kwenye chai aweke vitatu wiki ya kwanza, viwili wiki ya pili, mpaka viishe. Wanaokata vyote siku moja mara nyingi hurudi nyuma ndani ya wiki.

Kwenye lebo, "bila sukari iliyoongezwa" haimaanishi haina sukari. Tafuta namba ya wanga kwa mililita 100, kisha zidisha kwa idadi ya mililita 100 zilizomo kwenye chupa: gramu 4.5 inaonekana ndogo, lakini chupa ya mililita 500 inakuwa gramu 22.5. Usipoielewa lebo, pima mwili wako. Kunywa kinywaji hicho peke yake, pima kabla na saa moja baadaye. Vipande vya kupimia ni ghali, kwa hiyo vitumie kwa kinywaji kipya unachokusudia kukinywa kila siku. Na ukiona kiu haiishi hata baada ya maji mengi na unakwenda haja ndogo kila mara, acha kutafuta kinywaji kingine, pima sukari, uende kituo cha afya ikiwa juu.

Jambo la mwisho linawahusu hasa wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi. Soda ya daiti, choya, mchaichai, vyote hivi havina msaada sukari ikishuka. Ukitetemeka, ukitoka jasho na kipimo kikasoma chini ya milimoli 3.9 kwa lita, unahitaji gramu 15 za sukari ya haraka: kijiko kimoja cha chakula cha sukari kwenye maji, au nusu chupa ndogo ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni. Mpelekeni hospitali mara moja. Wekeni soda moja ya kawaida nyumbani mahali pake maalumu, mbali na za daiti, na kila mtu wa nyumba aijue, maana chupa hufanana na usiku mtu huokota ya kwanza anayoigusa.