Xhaka anasomwa Jaka: majina ya Waalbania

Msomaji mmoja anayeandika habari za mpira ameuliza, jina la mchezaji Granit Xhaka linasomwa Zaka au Kshaka, na je akiandika Jaka atakuwa amekosea? Halafu anataka kujua majina ya Kialbania yametoka wapi, mbona mengine kama ya kwetu na mengine hata hayashikiki.

Ndugu yangu, andika Xhaka vilevile ilivyo kwenye jezi, mara ya kwanza weka Jaka kwenye mabano, ukitangaza sema Jaka. Alfabeti ya Kialbania ilikubaliwa kule Manastir (Bitola ya leo, Makedonia Kaskazini) mwaka 1908, na humo xh ndo j yetu, j yao ni y, nj ni ny, halafu sh, th na dh ni zilezile za shamba, thamani na dhahabu, yaani mtu wa Kiswahili hana kisingizio kabisa. Q tu ndo inasumbua, inakaribia ch, kwa hiyo jina la mchezaji Shaqiri kwao utasikia Shachiri.

Sasa ukishaishika hiyo xh angalia kinachotokea: Xhemile ni Jamila, Xhafer ni Jafari, Hatixhe ni Hadija, na Ajshe ni Asha. Asili ni Kiarabu, ila kwao yamepitia kwa Waturuki wa Dola ya Osmania waliowatawala mpaka 1912, kwetu yakaja kwa njia ya bahari, ndo maana sura zimeachana. Shaqiri mwenyewe ni Shakiri, mwenye kushukuru. Hata Hoxha, lile la Enver Hoxha aliyekuwa mtawala wa kikomunisti wa Albania, linasomwa Hoja na limetokana na khwaja ya Kiajemi, hiyohiyo iliyozaa jina la Makhoja wa Zanzibar na Mombasa. Ila usilifananishe jina la mwimbaji Dua Lipa na dua ya kuomba, hapo ni kitenzi chao, të dua maana yake nakupenda.

Wakristo wao wana kina Gjergj, Gjon na Pjetër, ambao ni George, Yohana na Petro. Halafu kuna majina ya Kialbania chenyewe, na mimi haya ndo nayapenda zaidi: Agim ni alfajiri, Drita mwanga, Shpresa tumaini, Flutura kipepeo, Besnik mtu wa kutunza ahadi.

Na yapo ya Wailiria, watu wa kale wa eneo hilo la Balkani, Agron, Teuta, Ilir. Taulant, kaka yake Granit Xhaka, amebeba jina la kabila la Kiiliria, wakati Granit ni lile jiwe gumu la graniti. Haya ya Kiiliria yalisukumwa sana na serikali ya Hoxha, maana 1967 ilipiga marufuku dini, na 1975 ikatoa amri watu wenye majina yasiyofaa kwa itikadi yao wayabadilishe. Ndo kipindi hicho utakutana na mtu anaitwa Marenglen, yaani Marx, Engels na Lenin wamebanwa kwenye jina moja! Kwa hiyo tafadhali usimkisie mtu dini kwa jina lake, Agim anaweza kuwa Mwislamu, Mkatoliki au asiwe na dini kabisa.

La mwisho, Mwalbania sio lazima awe raia wa Albania. Wapo wengi Kosovo na Makedonia Kaskazini, na Granit alizaliwa Basel kwa wazazi waliotoka Kosovo akachezea Uswisi, Taulant akachezea Albania, wakakutana uwanjani Euro 2016. Kwa hiyo Granit andika Mswisi mwenye asili ya Kialbania, utakuwa umepatia.