Maswali ya Wasomaji: Kifaransa cha Mkataba, Kireno cha Ofisini

Barua tatu za safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, na zote zinauliza namna ya kuitoa lugha ya Ulaya kwenye salamu na kuifikisha kwenye meza ya biashara na menejimenti.

SWALI: Ndugu Mwandishi, nina umri wa miaka 29 na ni afisa masoko katika kampuni ndogo ya kubangua korosho. Nilisoma Kifaransa sekondari, kisha nikajiendeleza hadi kupata cheti cha DELF B1. Mwaka huu mkurugenzi wetu ameanza kuwasiliana na wateja wa Moroni, Komoro, na wafanyabiashara wa Côte d'Ivoire, nami ndiye ninayeitwa kwenye simu. Mazungumzo ya kawaida nayamudu, lakini wakifika kwenye masharti ya malipo hubaki nikiitikia « oui, oui » bila kuwa na hakika. Mwalimu mmoja wa mtandaoni ameniahidi kunifikisha C1 kwa miezi 3. Wenzangu nao wananishauri niongeze Kijerumani na Kireno ili wasifu wangu upendeze. Nifanye nini? *Msomaji wa Shangani, Mtwara*

JIBU: Dada yangu, nianze na hiyo « oui, oui », kwa kuwa ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko jambo jingine lolote katika barua yako. Anayeitikia asichokielewa katika simu ya biashara anaifunga kampuni yake kwa ahadi asiyoijua. Kuanzia kesho, mteja akimaliza kutaja masharti, sema « Si je comprends bien, vous proposez… », yaani « nikikuelewa vizuri, unapendekeza… », kisha urudie kwa maneno yako mwenyewe ulichokisikia. Ukikosea atakusahihisha papo hapo, na kusahihishwa kwenye simu ni nafuu kuliko kusahihishwa baada ya mzigo kupakiwa melini.

Sasa hiyo miezi 3. Mfumo wa Ulaya wa kupima lugha, uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, una ngazi 6, kuanzia A1 hadi C2. Ngazi yako ya B1 ni ya mtu anayejimudu safarini na katika mambo aliyoyazoea. Aliyefika B2 huweza kufuata majadiliano ya kitaalamu ya fani yake, na aliyefika C1 husoma maandishi marefu na magumu, hutambua hata maana iliyositirika, na huandika kwa mpangilio. Kwa kawaida hukadiriwa kuwa mwanafunzi anahitaji kati ya saa 500 na 650 za masomo tangu mwanzo hadi B2, na saa 800 au zaidi hadi C1. Tuchukulie kwamba umeshatumia saa 350, hivyo zimebaki 450. Ukisoma saa 1 kwa siku, siku 5 kwa wiki, utapata saa 260 kwa mwaka, kwa hiyo utahitaji mwaka mmoja na miezi 9 hivi. Ili uzimalize kwa miezi 3 ungelazimika kusoma saa 5 kila siku, Jumapili ikiwemo, na kazini usikanyage. Fedha za mwalimu huyo ziweke kwa ajili ya mtihani.

Nakushauri ushike Kifaransa peke yake, na ukichimbe. Côte d'Ivoire ndiyo nchi inayoongoza duniani kwa kuzalisha korosho ghafi, na Kifaransa ni miongoni mwa lugha rasmi za Komoro. Hao ndio watu unaozungumza nao tayari. Vyeti vitatu vya B1 katika lugha tatu haviwezi kukusaidia kusoma mkataba mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita mfanyabiashara mmoja wa saruji wa hapa Mtwara aliniletea barua iliyotoka Moroni. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: « Nous pourrions éventuellement prendre 800 sacs. » Kijana wake wa ofisini, aliyekijua Kiingereza vizuri, alikuwa ameifasiri kuwa « hatimaye tutachukua mifuko 800 », kwa sababu neno *éventuellement* lilimkumbusha neno la Kiingereza linalofanana nalo kwa sura, *eventually*, yaani hatimaye. Kumbe kwa Kifaransa maana yake ni « huenda, ikitokea haja ». Isitoshe, kitenzi *pourrions* kinafanya kazi ya *-nge-* yetu: « tungeweza ». Mteja alikuwa amesema kwa adabu kwamba tungeweza, pengine, kuchukua. Mifuko 800 ya saruji ikasubiri ghalani hadi masika, unyevu ukaingia, na nilipoalikwa kwenda kuitazama, mingi ilikuwa imeshaganda. Mswahili yeyote anaihisi tofauti ya « nitachukua » na « ningechukua » bila kufundishwa. Sikio hilohilo ndilo unalopaswa kulihamishia kwenye Kifaransa, na kila uonapo kitenzi cha namna hiyo katika barua ya mteja, kipigie mstari kabla ya kupanga mzigo.

Kwenye malipo, ambako ndiko unakokwama, anza na maneno mawili: *arrhes* na *acompte*. Sisi kwa mazoea tungeyaita yote advansi. Katika sheria ya Ufaransa yanatofautiana sana. Mnunuzi aliyetoa *arrhes* anaweza kujitoa akazipoteza, na muuzaji akijitoa hurudisha mara 2. Aliyetoa *acompte* ameanza kulipa bei yenyewe, na hakuna upande ulio huru kugeuka. Kiswahili kina neno lililo karibu sana na *arrhes*, nalo ni arbuni, na asili ya kale ya maneno hayo mawili ni moja. Halafu jifunze *mise en demeure*, ambayo ni ilani rasmi ya kumtaka mtu atimize wajibu wake kabla hatua za kisheria hazijafuata. Ikikufikia, usiijibu kama barua ya kawaida ya kukumbushana. Na unapokutana na *amande*, kamusi itakuambia ni lozi, lakini katika biashara yako ni korosho karanga.

Wateja wako wote wawili wanafuata sheria za biashara za OHADA, jumuiya iliyoanzishwa kwa mkataba uliotiwa saini Port Louis, Mauritius, mwaka 1993, na ambayo sasa ina nchi wanachama 17, zikiwemo Komoro, Côte d'Ivoire na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Marekebisho ya mwaka 2008 yaliongeza Kiingereza, Kihispania na Kireno kuwa lugha za kazi, lakini nyaraka nyingi za kila siku huandikwa kwa Kifaransa. Sheria yao ya jumla ya biashara, iliyorekebishwa mwaka 2010, inapatikana bure kwenye intaneti, na ina sehemu nzima inayohusu mauziano kati ya wafanyabiashara. Isome kifungu kimoja kwa siku, kwa sauti, kisha uandike kwa Kiswahili nani anawajibika kwa nini. Baada ya miezi michache utaona kwamba lugha ya mikataba hurudia miundo ileile, nawe utaanza kuisikia kwenye simu.

Kuhusu mtihani, pita kwanza DELF B2, kisha DALF C1, ambao ni mtihani wa ngazi ya juu. Vyeti hivyo haviishi muda wake. DALF C1 ina sehemu 4 za alama 25 kila moja. Unahitaji jumla ya alama 50, na hakuna sehemu inayoruhusiwa kushuka chini ya 5. Katika kuandika, hupewa matini zaidi ya moja juu ya jambo moja na kutakiwa kuandika muhtasari wa takriban maneno 220, bila kutia maoni yako hata kidogo. Watahiniwa wengi hulalamikia zoezi hilo, ilhali mimi naliona kuwa ndilo la menejimenti hasa, maana kazi ya meneja ni kusoma ripoti 3 zinazopingana na kumweleza mkurugenzi zinasema nini kabla ya kueleza yeye anaonaje. Lifanye kwanza kwa Kiswahili. Chukua kumbukumbu za vikao vitatu vya kampuni yako, uziandike upya kwa ukurasa mmoja, na ukishindwa, ujue kwamba kilichopungua si msamiati wa Kifaransa. Kwa tarehe na ada, waulize Alliance Française ya Dar es Salaam mapema, kwa kuwa safari ya zaidi ya kilomita 500 haifai kupangwa juma la mwisho.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni kijana wa Nanyumbu, nafanya biashara ya kuvuka Daraja la Umoja kwenda na kurudi Msumbiji. Kireno nimekiokota sokoni na kwa madereva, na naongea bila shida. Sasa tajiri wangu anataka nikasimamie tawi lake Montepuez, lakini nilipoandika barua ya kwanza kwenda ofisi moja ya huko ilirudishwa, nikaambiwa haijafuata utaratibu. Nimekosea wapi? *Msomaji wa Mangaka*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tangu daraja hilo la mita 720 lilipofunguliwa mwaka 2010, vijana wengi wa upande wetu wamekipata Kireno kwa njia uliyoipitia, na ulimi wako ni mtaji ambao darasani haupatikani. Kalamu ndiyo iliyobaki nyuma.

Katika ofisi zinazofuata desturi ya Kireno, ombi kwa mamlaka huandikwa kwa muundo wake maalumu unaoitwa *requerimento*. Huandiki « mimi naomba »; unajieleza kana kwamba unamzungumzia mtu mwingine: fulani, mkazi wa mahali fulani, mwenye kitambulisho namba fulani, *vem por este meio requerer a V. Ex.ª se digne…* (« anakuja kwa njia hii kumwomba Mheshimiwa aridhie… »), kisha unaeleza unachoomba, na unafunga kwa maneno *Pede deferimento* (« anaomba akubaliwe »), mahali, tarehe na saini. Hata ombi la leseni ya biashara, ambayo huko huitwa *alvará*, lina sura hiyo. Tafuta nakala ya moja iliyokubaliwa, uinakili kwa mkono mara 10.

La pili ni heshima. Kireno cha madereva ni cha *tu*, yaani « wewe » ya marafiki, na baadhi ya watu wazima hukerwa hata na *você*, « wewe » nyingine isiyo ya kirafiki kiasi hicho. Mkuu wa ofisi mwite *o senhor* au *a senhora*, ukiongeza cheo chake, *Senhor Director* au *Senhor Engenheiro*, na kitenzi kikae katika nafsi ya tatu. Wewe uliyeanza barua yako kwa shikamoo huhitaji maelezo marefu hapo.

La tatu ni tarakimu, na hili naliomba ulishike kwa mikono miwili. Wareno huandika 1.250,50 pale sisi tunapoandika 1,250.50. Bilioni yetu moja, yaani milioni 1,000, wao huiita *mil milhões*. Neno *bilião*, linalosikika kama bilioni, kwao ni milioni milioni, mara 1,000 zaidi. Katika ankara yoyote andika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kisha mwombe mtu wa pili akisome kabla hujatia saini. Na ukisoma vitabu vipya vya Ureno utakuta ankara ikiandikwa *fatura*. Msumbiji utaendelea kuona *factura*, nawe fuata ya huko unakofanyia kazi.

Ukitaka cheti, mitihani ya kituo cha CAPLE cha Chuo Kikuu cha Lisbon ina DIPLE kwa ngazi ya B2 na DAPLE kwa C1. Hata hivyo, katika hali yako ningetanguliza miezi 6 ya kuandika barua moja kila siku kwa mwalimu wa kukusahihishia kwa wino mwekundu.

SWALI: Nimehitimu shahada ya uongozi wa biashara na ninaishi Lindi. Kwa kuwa mradi wa gesi wa Likong'o unaihusisha kampuni ya Norwei, je, nianze kujifunza Kinorwei? *Msomaji wa Lindi Mjini*

JIBU: Hapana, si kwa sababu hiyo. Miradi ya gesi ya kimataifa yenye wabia wa nchi mbalimbali huendesha mikataba na vikao vyake kwa Kiingereza, na hicho ndicho ninachoona wahitimu wetu wanakiacha nusu kwa kudhani wamekimaliza shuleni. Pima kwanza Kiingereza chako: chukua tangazo lolote la zabuni la kurasa 30, lisome, na uandike kwa kurasa 2 masharti yake, tarehe zake na adhabu zake. Nitumie kurasa hizo kupitia jarida hili pamoja na nakala ya tangazo lenyewe, nami nitakusahihishia.