Kabla hujachora chuma, muulize mgonjwa

Wadogo zangu wa chumba cha mipango ya tiba ya mionzi, wiki hii plani zenye kosa lilelile la chuma kilichomo mwilini mwa mgonjwa zimerudi tena mezani kwangu, na kila ninayemuuliza ananijibu, "Lakini kaka, programu ya kukokotoa dozi imekubali." Programu itakubali hata ukiiambia nyonga ya mgonjwa ni ya mninga. Haya, someni.

1. Lile swali la fomu, "Umewahi kufanyiwa upasuaji?", halitoshi. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi atajibu hapana, kwa sababu kwake upasuaji ni wa tumbo. Muulize, "Ulishawahi kuvunjika? Uliwekewa chuma?" Hapo atakuonyesha kovu, atakusimulia bodaboda iliyomgonga, dereva alivyotokomea na shemeji aliyekula hela za fidia. Vumilia, maana jina la hospitali aliyowekewa hulitaja mwishoni, na faili la upasuaji liko huko.

2. Mfupa usiwatie homa. Kwa mionzi ya 6 MV (hiyo ndiyo nguvu yake) kinachotawala ni Compton, yaani mionzi kugonga elektroni na kutawanyika, kwa hiyo mfupa hauzuii mionzi kwa kiasi mnachokidhania mkiutazama ulivyo mweupe kwenye eksirei. Hakikisheni tu jedwali la kugeuza namba za Hounsfield, zile za weupe na weusi wa picha ya CT, kuwa msongamano ni la CT yenu, na ripoti iseme dozi imekokotolewa kama ya maji au ya tishu yenyewe.

3. Chuma ndicho chenye vituko. Skeli ya kawaida ya namba hizo za CT inaishia 3071, na titani na chuma cha pua vyote vinagota hapohapo, ilhali titani ina gramu 4.5 kwa sentimita ya ujazo na chuma cha pua karibu 8. Msongamano unaujaza mwenyewe.

Hapa ndipo nilipoumbuka. Mzee mmoja, saratani ya tezi dume ilishafika kwenye mfupa wa paja. Watu wa mifupa wakamwekea msumari, ile fimbo ya chuma ya ndani ya mfupa, sisi tumalizie na dozi ya Gy 30 (grei 30) iliyogawanywa mara 10. Faili ninalo: chuma cha pua, milimita 10. Nikajaza msongamano sahihi, nikajiona fundi. Kisha nikauchora msumari kwenye dirisha la tishu laini, yaani ule mpangilio wa mwanga wa picha wa kuchorea kibofu. Kwenye dirisha hilo chuma huvimba. Nami nikaufuata ule weupe wote, kipande kwa kipande, kwa subira ya mtu anayedarizi kofia. Msumari ukatoka na milimita 16. Milimita 6 za chuma kisichokuwepo ni kama sentimita 4 za maji, kwa hiyo programu ikadhani mionzi inazuiwa mno, ikapandisha MU, kipimo cha mionzi inayotolewa na mashine. Paja zima lingepata zaidi ya kilichoandikwa. Na mimi nikasaini.

Dada aliyekuwa akikagua aliuliza tu, "MU mbona nyingi hivi?" Nikamjibu ni chuma. Hakubishana. Alipima msumari kwenye skrini, akafungua faili kwenye ukurasa uleule niliousoma, akaliweka mbele yangu. Mzee aliambiwa arudi kesho yake, akanishukuru kwa umakini. Zile shukrani ziliniuma kuliko karipio lolote.

Basi panueni dirisha, pimeni upana, linganisheni na faili.

4. Michirizi myeusi pembeni ya chuma: ichoreni, ipeni msongamano wa tishu. Gesi ya utumbo iacheni, hiyo ipo kweli.

5. Nyonga bandia: ripoti ya TG-63 ya AAPM, chama cha wanafizikia tiba wa Marekani, ilishasema tangu 2003, fildi (miale tunayoielekeza kwa mgonjwa) zikwepe chuma. Ile boksi ya fildi nne, ya mbele, nyuma na mbavu mbili, mnayoibofya kwa mazoea inakipiga ubavuni. Geuzeni pembe, na msikimbilie 15 MV, inazalisha nyutroni.

6. Faili likikosekana, mwambieni mgonjwa aje na eksirei ya zamani. Wengi wanayo chini ya godoro. Umbo la msumari na skrubu zake vitaonekana, hata kama imekunjwa mara nne na pembeni imeandikwa namba ya simu ya fundi seremala.